Kinywa Nilichokivunja Mwenyewe

Jino langu la mbele lilitoka Jumanne, saa nane mchana, na nikalimeza. Ninaanzia hapo kwa sababu wasomaji wawili waliniandikia kwamba ninazunguka sana kabla sijapigwa.

Kwa yule aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, maneno machache.

Mimi ni Twagirayezu. Nimechunga ng'ombe Masisi, nimepakua magunia kwenye kamioni kati ya Goma na Kiwanja, nimevunja mawe, nimekimbia vita mara tano na kurudi mara nne. Shule nilisoma vipande vipande: mwaka mmoja kwa mapadri, miezi sita kwa Waprotestanti, na kilichobaki nilikisoma kwenye maandishi ya mifuko ya simenti.

Binti yangu Igihozo ana miaka ishirini na saba, na yeye shule aliimaliza. Ni mtafiti. Ametengeneza kifaa kidogo, ukubwa wa redio ya mkononi, kinachonusa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano na kuua mbuzi na watoto kimya kimya. Kikiinusa, kinapeleka ujumbe kwenye simu za mtaa mzima. Maabara moja ya nchi ya baridi imemwita aende akaendeleze kazi hiyo miaka mitatu. Nchi siitaji. Dosie, ile faili ya maombi, ingali mezani kwao.

Viza ya kazi ya mtafiti inadai makaratasi. Barua ya maabara tulikuwa nayo. Diploma tulikuwa nayo, na pasipoti pia. Kilichokosekana ni cheti cha kuzaliwa, maana Igihozo alizaliwa tukiwa njiani, na njia haitoi vyeti. Kwa mtu wa namna hiyo hakimu anaweza kuandika karatasi inayokaa pahali pa cheti, ila baba aje mwenyewe, asimame pale na kusema kwa kinywa chake: huyu ni mtoto wangu.

Hakimu alitupangia Jumatano asubuhi. Alhamisi Igihozo alikuwa na randevu, yaani miadi, ya viza Kigali. Randevu nyingine ilikuwa baada ya miezi mitatu, na maabara ilikuwa imesema wazi kwamba haitangoja hata mwezi mmoja.

Shida ni kwamba kwenye makaratasi yote baba yake si mimi. Ni Byiringiro.

Hilo nililiungama wiki iliyopita. Vita ilipotutoa Kiwanja tulilala kambini, na wagawaji wa chakula wakatuhesabu. Jetoni moja, kile kipande cha kupokelea chakula, haikupita watu wanane. Mimi, mke wangu Béata na watoto saba tulikuwa tisa. Wa tisa hakupewa kitu. Jirani yangu Byiringiro alikuwa na mke na mtoto mmoja tu. Basi siku ya hesabu nikamwazima Igihozo, akasimama kwenye mstari wake. Wengi tulifanya hivyo, watoto walikuwa wanahama hema hii ya shitingi hadi ile kabla wahesabuji hawajafika. Maharagwe yake tuligawana nusu kwa nusu.

Halafu shule ya kambi ikaandika wanafunzi kwa kunakili orodha ya jetoni. Igihozo Byiringiro. Jina hilo likapanda naye mpaka universite, mpaka ndani ya pasipoti.

Niliwaacha pale Byiringiro aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu ya mbao, hapa mtaa wa Mabanga, Goma, na mwanawe Florent nyuma yake.

Sasa tuingie ndani.

"Muzee Twagira," Byiringiro akasema, "ungali hai. Kule Rutshuru walisema ulikufa."

"Walisema mara ngapi?"

"Mara tatu. Ile ya tatu nililia kidogo."

"Asante. Ikala."

Akakikalia kiti changu. Florent hakukaa. Ni mwanaume wa miaka thelathini na mitano, shingo nene, ametembea na watu wa bunduki tangu ndevu zimwote, leo hawa, kesho wale. Alizunguka chumba akigusa vitu: sufuria, picha ya marehemu Béata, kile kifaa cha Igihozo kilichokuwa mezani.

Igihozo akawaletea chai. Akamsalimu Byiringiro kwa mikono miwili.

"Angalia vile mutoto wangu amekomaa," Byiringiro akasema. "Kesho nitaenda mbele ya juge, nitasema ni wangu. Kwa hiyo haina shida. Ila Florent anaenda naye."

"Anaenda wapi, papa?" Igihozo akamuuliza Byiringiro.

"Kule unaenda."

Igihozo akacheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaweka kikombe chini.

"Papa, viza ya mutafiti inakubali bwana na batoto. Kaka hapana. Na kwa makaratasi Florent ni kaka yangu."

"Njo maana nimekuya leo, sikungoja kesho," Byiringiro akasema. "Kesho nisiseme ni wangu, tumwambie juge ukweli. Baba yako ni Twagira. Basi Florent haiko kaka yako tena. Anakuoa. Anaingia kwa dosie kama bwana."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeuza mbuzi anayejua atanunuliwa.

"Papa, unisikilize muzuri," Igihozo akasema. "Pasipoti yangu ni ya Byiringiro. Diploma ni ya Byiringiro. Barua ya maabara wameandikia Byiringiro. Nikiamka kesho niko wa Twagira, ile pasipoti ni ya uongo, na ule mutu walimuita hayuko. Viza imekufa. Hakuna wa kwenda, hata miye, hata Florent."

"Ataoa kwanza, mengine tutatengeneza," Byiringiro akasema.

"Na mwenyewe sijaulizwa?"

"Unaulizwa sasa," Florent akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Basi ninajibu. Sitaki bwana. Na siku nikimutaka, simutaki weye."

Florent akampiga kwa mgongo wa mkono. Kofi moja. Igihozo akaangukia meza, chai ikamwagika, kile kifaa kikaanguka chini. Florent akakiangalia. Akanyanyua buti, akakikanyaga kwa kisigino, mara ya kwanza, ya pili, mpaka nyaya zikatoka.

"Mashine ya kunusa," akasema. "Inuse sasa."

Mimi nina miaka sitini na tisa. Sijui nilifika namna gani pale alipokuwa, najua tu kwamba ngumi yangu ilimgusa sikio na yake ikanikuta mdomoni. Hapo ndipo jino lilipotoka. Nilipoanguka akanipiga teke la mbavu, na kitu ndani yangu kikalia kama kuni kavu.

"Muzee, unapigana na nani?" akaniuliza. "Ulizoea kupigana na magunia."

Akanishika mguu, akaniburuta mpaka uani. Wasomaji wa Goma mnajua ua wa Mabanga ulivyo. Hakuna udongo. Ni mawe ya lava tangu mlangoni mpaka barabarani, na kila jiwe lina meno. Shati likaisha nikiwa mlangoni. Baada ya shati ikafuata ngozi.

Igihozo akatoka na kigoda, akampiga nacho kichwani. Kigoda kikavunjika. Florent akageuka na kumsukuma kwenye ukuta wa mawe, na paji lake la uso likapasuka. Damu ilimshukia machoni, akabaki ameshika ukuta, haoni kitu.

Florent akarudi kwangu. Akaweka goti kifuani, vidole kooni. Nikaanza kuona weusi.

Aliyeniokoa ni Mama Séraphine. Anakaanga mandazi kwenye kona yetu, na ua wake na wangu vinatenganishwa na mawe ya kufika magotini tu. Aliyavuka na karai lake la mafuta, akalimwaga kwenye mgongo wa Florent kutoka bega mpaka kiuno.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Aliruka, akararua shati, na shati likatoka na vipande vya mwili vimeshika ndani.

"Rudi tena," Mama Séraphine akamwambia. "Nimebakiza ya pili kwa moto."

Hapo mambo yangeweza kuishia. Florent alikuwa anajizungusha kwenye mawe akilia. Nilikuwa hai. Kulikuwa na jioni nzima ya kumbembeleza Byiringiro, na kubembeleza ninajua.

Lakini Byiringiro alitoka ndani akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akaja akasimama juu yangu. Hakunitazama mimi. Alimtazama Igihozo, ambaye alikuwa anajipangusa damu machoni kwa kitenge.

"Mutoto," akasema, "unapasuka kichwa juu ya huyu? Ulikuwa na kaka na dada sita. Umekwisha kumuuliza kwa nini alinipatia weye, na si mwingine?"

"Nyamaza," nikasema.

"Hajakuambia?"

"Byiringiro, nakuomba. Nyamaza."

"Ulikuwa unakohoa," akamwambia. "Ulikuwa mwembamba, unatema damu. Papa yako akaniletea weye asubuhi mapema, akaniambia, chukua huyu, huyu ni wa kufa. Akikufa kabla ya hesabu ya pili, watapunguza kwa jetoni yako, si kwa yangu. Alisema vile mbele ya Béata. Béata alikutoa kwa mugongo akilia. Miye njo nilikutafutia dawa. Sasa uniambie, baba yako ni nani?"

Jiwe lilikuwa chini ya mkono wangu. Mabanga hatutafuti mawe.

Nilinyanyuka kwa goti moja na kumpiga nalo shavuni. Akarudi nyuma, kikombe kikamponyoka. Nikasimama, nikampiga tena, chini ya sikio, na safari hii nilisikia taya likihama. Alianguka chali. Kidevu chake kilikuwa kimekaa upande, na meno ya chini hayakutazamana tena na ya juu.

Sikumpiga kwa sababu alisema uongo.

Florent alikuja na bastola. Sikujua kwamba anayo, na sijui kwa nini hakuianzia. Alinibana nayo kwenye paji la uso mpaka nikasikia baridi ya chuma.

Aliyemzuia ni baba yake. Byiringiro alimshika mguu wa suruali, akavuta, akatikisa kichwa. Alijaribu kusema. Zilitoka sauti tu, na damu, na mate. Akanyoosha kidole upande wa mjini, kisha akakunja kiganja na kukilalia kama mtu aliyelala, kisha akakifungua.

Florent akaelewa.

"Kesho," akasema. "Kwa juge. Na juge akimaliza, muzee, utakuwa wangu."

Akambeba baba yake mpaka kwenye pikipiki, mmoja hana mgongo, mwingine hana taya, wakaondoka.

Mama Séraphine aliokota karai lake. Alinitazama kwa muda mrefu, kutoka miguu mpaka mdomo wenye pengo.

"Muzee Twagira," akasema, "mulikuwa na kinywa kimoja tu cha kuwasaidia. Na umekivunja."

Igihozo aliniosha mgongo kwa maji ya chumvi. Alitoa vijiwe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, na alipofika kwenye kiuno akauliza.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulisema ni wa kufa?"

"Nilisema."

"Wale wengine walikuwa bazima?"

"Walikuwa wazima. Mumoja alikuwa na homa kidogo."

Sindano ikasimama. Nikangoja anichome nayo. Angenichoma nisingesogea.

"Wale sita leo beko wangapi?" akauliza, ingawa anajua.

"Wawili."

Akaendelea kutoa vijiwe. Aliokota vipande vya kifaa chake, akaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa mlangoni kabla yake. Hakimu alidai mashahidi wawili pamoja na baba, watu wazima wanaomfahamu mtoto, na tulikuwa tumeandikisha majirani wawili: Mama Séraphine na mimi. Ndiyo, kwenye dosie ya binti yangu nilikuwa jirani.

"Igihozo," nikamwambia, "Byiringiro asipokuja, tumepoteza. Akikuja, atakuja kunilipiza. Wakikuuliza juu yangu, weye hunijui. Niko muzee wa jirani. Kitu chochote watanifanyia, weye usiangalie. Unasikia?"

Alikuwa amefunga kitenge kichwani kuficha paji la uso. Akatangulia.

Ofisi ya hakimu ni ya mbao, vyumba viwili na korido. Hakimu ni mama mmoja wa miwani, sauti ndogo, anakaa amenyooka. Kando yake alikuwa karani aitwaye Mulumeoderhwa, mtu wa kuandika polepole. Tulikaa kwenye benchi. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu karani akafunga kalamu yake.

Ndipo Byiringiro alipoingia.

Kichwa chote kilikuwa kimefungwa bandeji, kutoka utosini mpaka chini ya kidevu, macho na pua tu nje. Florent alimshika mkono, akitembea ameinama mbele. Nyuma yao, kwenye korido, niliona wanaume wawili wenye bunduki wakiegemea ukuta. Mmoja alikuwa anakula muwa.

"Madame, papa hawezi kusema," Florent akaanza. "Miye nitasema pahali pake."

"Nilikuita wewe?" hakimu akauliza.

"Hapana, madame."

"Basi nyamaza. Mtu asiye na kinywa ana kichwa. Papa Byiringiro, unanisikia?"

Bandeji ikainama.

"Huyu binti aliyekaa hapa, Igihozo, ni mtoto wako?"

Byiringiro hakuinamisha kichwa haraka. Kwanza alinitafuta kwenye benchi, akaniona, akanitazama kwa yale macho mawili yaliyovimba. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu. Nilifika kumi na moja.

Akainamisha kichwa.

Mama Séraphine alinibana goti. Karani akaanza kuandika. Nilifikiri, kwa upumbavu wangu, kwamba yule mtu amenisamehe.

Byiringiro akanyoosha vidole viwili akivisugua, akiomba kalamu. Karani akampa na karatasi. Aliandika muda mrefu. Hakimu aliichukua, akaisoma moyoni, kisha akaisoma kwa sauti.

"'Huyu ni mtoto wangu, nimemlea. Aliyenivunja taya jana ni huyu shahidi Twagirayezu. Anamfuata binti yangu kila pahali anasema ni wake. Naomba afungwe.'"

Akavua miwani.

"Muzee. Wewe ni nani kwa huyu binti?"

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lingenitoa mimi pale. Nikachagua lile lingine.

"Jirani, madame."

"Jana ulimpiga huyu baba?"

"Nilimupiga."

"Kwa kitu gani?"

"Jiwe."

"Sababu?"

"Alisema neno."

"Neno gani?"

Hakimu alingoja, kisha akamgeukia Igihozo.

"Mademoiselle, huyu muzee ni nani kwako?"

Igihozo alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni muzee wa jirani, madame."

"Hakuna undugu?"

"Hakuna."

Nilifurahi. Msinihurumie hapo, nilifurahi kweli. Alisema kwa sauti isiyotetemeka, kama nilivyomfundisha. Mara ya kwanza nilimtoa kwa ajili ya maharagwe. Hii ya pili nilimtoa ili aende.

"Basi karatasi ya mtoto itaandikwa," hakimu akasema. "Muzee atoke, angoje nje, atapelekwa polisi akaeleze jiwe lake."

Nilitoka kwa miguu yangu. Mlango ulipofungwa nyuma yangu, polisi hakuwapo. Walikuwapo wale wawili, na Florent akaja nyuma yangu.

"Nilikuambia nini?" akaniuliza.

Kitako cha bunduki kilinikuta tumboni. Nilikaa chini bila kupenda. Cha pili kilinikuta kwenye mbavu zilezile za jana. Yule wa muwa alinishika mikono nyuma, na mwenzake akawa ananipiga pole pole, anachagua pahali.

Sikulia. Kuta za korido ile ni mbao za robo inchi. Nilikuwa ninasikia kalamu ya Mulumeoderhwa ikikwaruza upande wa pili, nilimsikia hakimu akiuliza tarehe, nilimsikia Igihozo akijibu. Kama mimi nilikuwa ninawasikia, na yeye angenisikia. Nikainamisha kichwa, nikauma kola ya shati langu kwa meno yaliyobaki.

"Anauma nguo kama mbuzi," yule wa muwa akasema.

"Hataki mutoto asikie," Florent akasema. Huyo si mjinga, jamani. Ningependa awe mjinga. "Tuone ataziba mupaka wapi."

Akachuchumaa mbele yangu, taratibu, kwa sababu ya mgongo. Akauvuta mbele mkono wangu wa kulia.

Upande wa pili karani akasema, "Nakala mbili, madame. Moja ya ofisi, moja yake." Nikasikia mhuri ukigonga meza. Moja.

Iliyobaki ndiyo ilikuwa yake.

Florent alikunja kidole changu kidogo kurudi nyuma. Kikavunjika. Niliuma kola. Akachukua kinachofuata, akakivunja. Niliuma kola. Ndipo akashika gumba, akaliweka kati ya buti lake na sakafu, na akasimama na uzito wake wote.

Nililia. Mara moja tu, lakini nililia.

Ndani kiti kilianguka. Mlango ukafunguka kwa nguvu ukagonga ukuta. Igihozo alisimama pale, kitenge kimemtoka kichwani, kidonda cha paji la uso kimeanza kutoa damu upya.

"Muachie papa yangu," akamwambia Florent.

Alisema kwa sauti ile ile aliyosema nayo kwamba mimi ni muzee wa jirani.

Florent aliinua buti. Alikuwa anatabasamu, akitazama juu ya bega la Igihozo. Nyuma yake, ndani ya chumba, Byiringiro alikuwa amegeuka kwenye benchi. Mulumeoderhwa alikuwa amesimama, karatasi ya pili mkono wa kushoto, mhuri mkono wa kulia, umekwisha kupakwa wino. Hakuwa anatutazama sisi. Alimtazama hakimu.

Hakimu alivaa miwani yake.

"Mademoiselle," akasema, bila kupandisha sauti, "rudia nisikie. Huyu ni nani wako?"

Nilimtikisia Igihozo kichwa kwamba hapana. Kinywa changu kilikuwa kimejaa damu na nyuzi za kola, neno halikutoka, lakini kichwa nilikitikisa, tena na tena.

Aliniona.

Kisha akamgeukia hakimu.